Kanuni Mpya au Kitu Kipya? Uchunguzi wa Swali la Iwapo Fizikia Bado Ina Kanuni za Msingi Zisizogunduliwa

Ikisiri

Makala haya yanajadili iwapo zipo kanuni za msingi za fizikia ambazo bado hazijagunduliwa. Hoja inayotetewa ni kwamba tofauti kati ya kipimo na kanuni, ikichukuliwa peke yake, haiwezi kutuambia kama kilichokosekana ni kanuni, ni kitu, au ni umakini wa mpimaji. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha mizingo ya Uranusi na Utaridi, historia ya nyutrino, na mjadala wa sasa kuhusu maada ya giza. Inaelezwa kwamba ushahidi wenye nguvu zaidi wa kuwapo kwa kanuni zaidi unatokana na kutopatana kwa kanuni mbili ambazo tayari tunazo. Sehemu ya mwisho inaonesha kwa nini suala hili linamhusu mtunzi wa istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wakati wa kutetea pendekezo la utafiti wangu, ambao unahusu istilahi za fizikia katika Kiswahili, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Ikiwa kanuni zote za msingi za fizikia zimekwisha kugunduliwa, alisema, basi kazi yako ni kuhamisha orodha iliyofungwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Na ikiwa hazijakwisha, unajuaje kwamba istilahi unazozipendekeza leo hazitakuwa kikwazo kesho? Nilijibu kwa maneno mengi yasiyo na uzito. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa utulivu zaidi.

Kwanza, ni vyema kueleza neno lenyewe. Baadhi ya waandishi husema "sheria za fizikia" na wengine husema "kanuni". Katika makala haya nimechagua "kanuni", kwa sababu sheria hutungwa, hurekebishwa, na huvunjwa na watu, na anayeivunja huadhibiwa. Jiwe linaloporomoka mlimani halina uwezo wa kukaidi. Kwa kanuni ya msingi ninamaanisha kanuni isiyotokana na nyingine inayojulikana. Kanuni ya Ohm, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo, si ya msingi kwa maana hii: inatokana na mwenendo wa elektroni ndani ya metali, na zipo dutu ambazo haifanyi kazi kwake.

Mfano wa nyumbani utasaidia kuuweka wazi mpaka huu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba nchini Tanzania, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa kwanza. Baadaye yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo walichapisha matokeo yao mwaka 1969. Wanafizikia wamebishana tangu hapo. Wapo wanaosema sababu ni uvukizaji, wapo wanaotaja gesi zilizoyeyuka majini au mizunguko ya maji ndani ya chombo, na wapo wanaotilia shaka kama jambo lenyewe hutokea kwa uthabiti. Hata hivyo, hakuna upande unaodai kwamba ili kulielezea tunahitaji kanuni mpya ya msingi. Mpemba aliwapa wanafizikia fumbo halisi. Fumbo hilo linaishi ndani ya kanuni tulizonazo. Sehemu kubwa ya fizikia ya kila siku iko hivyo, na mtu anayesema kuwa kanuni za msingi zimekwisha hajasema kamwe kwamba mafumbo yamekwisha.

2.0 Dai la ukamilifu mwishoni mwa karne ya 19

Swali letu lina historia, na historia hiyo husimuliwa mara nyingi kwa dhihaka. Mwaka 1894, Albert Michelson, akizungumza katika ufunguzi wa maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Chicago, alieleza kwamba huenda misingi mikuu ilikwisha kuthibitika na kwamba ukweli wa baadaye ungetafutwa katika nafasi ya sita ya desimali. Mwaka uliofuata Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba urani hutoa miale yenyewe, na mwaka 1897 J. J. Thomson akaitambua elektroni. Msomaji hucheka, kisha huhitimisha kwamba yeyote anayesema fizikia imekamilika ni mpumbavu.

Nadhani kicheko hicho ni cha haraka mno. Michelson hakuwa na makosa kuhusu desimali. Tutaona hivi punde kwamba tofauti ndogo katika vipimo sahihi sana ndiyo iliyoiangusha kanuni ya Newton kutoka kwenye nafasi ya kanuni ya msingi. Alichokosea ni kudhani kwamba desimali ya sita itakuwa na habari ndogo kwa sababu tu ni ndogo. Lord Kelvin naye, katika mhadhara wake wa Aprili 1900 jijini London, alitaja "mawingu" mawili yaliyotanda juu ya nadharia za joto na mwanga: mwendo wa Dunia ndani ya etha, na namna nishati inavyopaswa kugawanyika miongoni mwa mijongeo ya molekuli. Wingu la kwanza lilitoweka nadharia ya uhusianifu ilipokuja, na la pili halikuondoka hadi ilipokuja fizikia ya kwanta. Mtu aliyeyataja mawingu hayo kwa usahihi namna hiyo hawezi kuwekwa katika kundi la waliolala.

Aidha, kosa la watu wa 1894 halithibitishi lolote kuhusu sisi. Kwamba kisima kilidhaniwa kimekauka kikatoa maji hakumaanishi kwamba hakitakauka kamwe. Tunahitaji hoja nyingine.

3.0 Sayari mbili, majibu mawili

Hoja hiyo inaanza na mwanaastronomia mmoja wa Ufaransa, Urbain Le Verrier, aliyekutana na aina moja ya tatizo mara mbili.

Uranusi, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1781, haikufuata mzingo uliokokotolewa kwa kanuni ya Newton ya uvutano. Kulikuwa na njia mbili za kufikiri. Huenda kanuni ya Newton inalegea katika umbali mkubwa kutoka kwenye Jua. George Airy, aliyekuwa mwanaastronomia wa kifalme wa Uingereza, aliliona hilo kuwa jambo linalowezekana. Au huenda kipo kitu kisichoonekana kinachoivuta Uranusi. Le Verrier alichagua kitu. Alikokotoa mahali kinapopaswa kuwapo, akaandika barua Berlin, na usiku wa Septemba 23, 1846 Johann Galle alielekeza darubini na kuikuta sayari ya Neptuni ikiwa ndani ya digrii moja ya mahali palipotajwa. Nchini Uingereza, John Couch Adams alikuwa amefanya ukokotozi wa namna hiyo hiyo. Kanuni ya Newton ilitoka katika mtihani huo ikiwa na heshima kuliko ilivyoingia.

Mwaka 1859 Le Verrier alitangaza mkengeuko wa pili. Sehemu ya mzingo wa Utaridi iliyo karibu zaidi na Jua husogea polepole, na sayari nyingine zilieleza karibu msogeo wote huo, lakini si wote. Kilichobaki, kwa kipimo kilichorekebishwa baadaye na Simon Newcomb, ni sekunde 43 za pembe kwa karne. Digrii moja ina sekunde 3,600. Kwa mwendo huo, tofauti ya digrii moja tu ingehitaji zaidi ya miaka 8,000. Hapa ndipo ile desimali ya Michelson ilipokuwa imejificha.

Le Verrier alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angefanya baada ya 1846: alitafuta kitu. Daktari mmoja wa kijijini, Edmond Lescarbault, alidai kuwa ameona doa likikatiza uso wa Jua, na sayari hiyo ikapewa jina Vulcan. Ilitafutwa kwa miongo kadhaa, hasa wakati wa kupatwa kwa Jua, na mara kadhaa watu walioheshimika walisema wameiona. Le Verrier alifariki Septemba 23, 1877, siku ile ile Neptuni ilipotimiza miaka 31 tangu kuonekana, akiwa bado anaiamini. Sayari hiyo haipo.

Wengine walijaribu upande wa kanuni. Asaph Hall alipendekeza mwaka 1894 kwamba kipeo cha pili cha umbali katika kanuni ya Newton kiongezwe kwa kiasi kisichofikia hata sehemu moja ya milioni. Utaridi ulitii. Hata hivyo, badiliko hilo lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha jeraha lile lile lililotakiwa kuzibwa, na nadharia iliyoboreshwa ya mwendo wa Mwezi ililikataa. Mnamo Novemba 1915, Albert Einstein alikokotoa msogeo wa Utaridi kutokana na nadharia yake ya jumla ya uhusianifu na kupata sekunde 43, bila ya kuwa na namba yoyote ya kurekebisha kwa mkono. Nadharia hiyo hiyo ilisema mwanga wa nyota utapinda ukipita karibu na Jua kwa kiasi fulani, na kupatwa kwa Jua kwa Mei 29, 1919 kulitoa vipimo vilivyoiunga mkono.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu somo lake ni gumu kuliko linavyoonekana. Mikengeuko hii miwili ilifanana: kanuni ile ile, mtafiti yule yule, namna ile ile ya tofauti. Mmoja ulidai kitu, mwingine ulidai kanuni, na hakuna chochote ndani ya namba zenyewe kilichoweza kuwaambia watu wa 1860 upi ni upi. Tofauti ilijitokeza baadaye, kwa njia nyingine. Kitu kipya kilikamatwa kwa njia isiyo ile iliyokifanya kidhaniwe: Neptuni ilionekana kwa jicho. Kanuni mpya nayo ilitoa jibu katika jambo ambalo haikutungwa kwa ajili yake.

4.0 Elektroni zilizopungukiwa nishati

Mfano wa tatu unaongeza ugumu. Baadhi ya viini vya atomu hutoa elektroni na kugeuka kuwa viini vya elementi nyingine. Kwa kuwa kiini cha mwanzo na cha mwisho vina nishati maalumu, elektroni zote zilipaswa kutoka na nishati moja. Mwaka 1914 James Chadwick alionesha kwamba sivyo: zinatoka na nishati za kila kiasi hadi kikomo fulani. Nishati inayobaki inakwenda wapi? Niels Bohr alikuwa tayari kukubali kwamba uhifadhi wa nishati ni kweli kwa wastani tu, wala si katika kila tukio. Kwa maneno mengine, Bohr alichagua kubadili kanuni.

Wolfgang Pauli alichagua kitu. Katika barua ya Desemba 4, 1930, iliyosomwa katika mkutano ambao hakuuhudhuria kwa sababu ya dansi jijini Zürich, alipendekeza chembe isiyo na chaji inayoondoka na nishati hiyo bila kuonekana. Enrico Fermi aliipa jina la nyutrino na kuijengea nadharia. Mwaka 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines waliinasa karibu na kinu cha nyuklia nchini Marekani. Ilichukua miaka 26, muda ambao Le Verrier angeuonea wivu.

Lakini majira ya baridi ya mwaka huo huo, Chien-Shiung Wu na wenzake walichunguza elektroni zinazotoka katika kobalti-60 na kuonesha kwamba maumbile hutofautisha kulia na kushoto. Kanuni ya ulinganifu wa kioo, ambayo karibu kila mtu aliihesabu kuwa ya msingi, ilianguka. Tukio la aina moja, la kiini kutoa elektroni, liliokoa kanuni moja na kuiangusha nyingine. Anayetaka kuweka kanuni ya jumla kwamba "siku zote tutafute kitu" au "siku zote tushuku kanuni" atapata taabu kuutetea msimamo wake mbele ya kobalti.

5.0 Hali ilivyo sasa

Leo tuko katika mwaka wetu wa 1860. Utaridi huzunguka Jua kwa takribani kilometa 47 kwa sekunde, na Neptuni, iliyo mbali, kwa takribani 5.4, kasi hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda vilivyoonesha kwamba maeneo yake ya pembezoni hayapungui kasi namna hiyo. Kabla yao, mwaka 1933, Fritz Zwicky alikuwa ameona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kwa kasi kubwa mno kuweza kushikiliwa pamoja na maada inayoonekana. Kulingana na vipimo vya chombo cha anga cha Planck, maada ya kawaida ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu, na maada ya giza ni kama asilimia 27. Inayosalia huitwa nishati ya giza.

Wengi huchagua kitu. Mordehai Milgrom, mwaka 1983, alichagua kanuni: alipendekeza kwamba pale mchapuko unapokuwa mdogo sana, kanuni ya mwendo yenyewe hubadilika. Pendekezo lake limefanikiwa kwa kiasi cha kushangaza katika galaksi mojamoja. Limeshindwa zaidi katika makundi ya galaksi, hususani pale ambapo makundi mawili yamegongana, gesi ikabaki katikati, na uvutano ukaonekana kuwa umekwenda kwingine pamoja na galaksi. Kwa maoni yangu, ushahidi kwa sasa unaelemea upande wa kitu. Hata hivyo, kitu hicho hakijakamatwa kwa njia ya pili. Mitambo yenye tani kadhaa za zenoni iliyozikwa chini ya ardhi Marekani na Italia haijakinasa hadi makala haya yanapoandikwa. Neptuni yetu bado haijaonekana kwa jicho.

Usisahaulike uwezekano wa tatu, nao ni kosa. Mnamo Septemba 2011, kundi la watafiti lilitangaza kwamba nyutrino zilizotumwa kutoka CERN hadi Gran Sasso, umbali wa kilometa takribani 730, zilifika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungefika. Miezi michache baadaye ilibainika kwamba kebo ya nyuzi za kioo haikuwa imechomekwa sawasawa. Mfano wa myuoni hauna kebo: kwa miaka mingi sumaku ya chembe hiyo ilionekana kuwa kubwa kidogo kuliko nadharia inavyotaka, vipimo vya Fermilab vikathibitisha thamani ile ile kwa usahihi mkubwa zaidi, na kilichosogea hatimaye kikawa ukokotozi wa nadharia, ambao katika toleo la mwaka 2025 hautofautiani tena na kipimo. Kanuni haikubadilika hata kidogo. Zilibadilika hesabu zetu za kile ambacho kanuni inasema.

6.0 Kutopatana kwa kanuni zenyewe

Kama mikengeuko ni mashahidi wasiotegemeka, kwa nini wanafizikia wengi wana hakika kwamba kanuni za msingi hazijakwisha? Jibu ni kwamba tunazo nadharia mbili, kila moja ikiwa imefaulu kila mtihani katika eneo lake, na haziwezi kuwa kweli zote mbili kila mahali kama zilivyo. Fizikia ya kwanta inasema chembe inaweza kuwa katika hali inayochanganya mahali hapa na mahali pale kwa pamoja. Nadharia ya jumla ya uhusianifu inasema tungamo hupinda nafasi na wakati pale lilipo. Tungamo ambalo halina mahali pamoja linapinda wapi? Ni kweli kwamba katika nishati ndogo zipo mbinu za kukokotoa ambazo huzipatanisha nadharia hizi bila matatizo. Katika nishati kubwa mno, kama za mwanzo wa ulimwengu au ndani ya shimo jeusi, mbinu hizo hukoma kutoa majibu yenye maana. Kitu kipya peke yake hakiwezi kusuluhisha hili, kwa maana ugomvi si baina ya kanuni na kipimo. Ni baina ya kanuni na kanuni. Tunaweza kuongeza kwamba nadharia ya kawaida ya chembe ina takribani namba 19 zinazopaswa kupimwa na kuingizwa kutoka nje, lakini hoja hiyo ni dhaifu zaidi: huenda namba hizo hazina sababu.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo swali la mjumbe wa jopo liliyaunganisha. Kanuni kuwapo si sawa na kanuni kugundulika. Mashine ya CERN yenye mzunguko wa kilometa 27, iliyoithibitisha chembe ya Higgs mwaka 2012, hugonganisha protoni kwa nishati ya teraelektronivolti 13.6. Nishati ambayo uvutano na kwanta havikwepani tena ni kubwa kuliko hiyo kwa karibu mara bilioni moja za milioni. Kwa teknolojia ya aina ile ile, hakuna nchi wala muungano wa nchi utakaofika huko. Yawezekana njia ya kando itapatikana, kama ilivyopatikana katika sekunde 43 za Utaridi, ambazo hazikuhitaji mashine yoyote isipokuwa subira. Yawezekana pia isipatikane. Kwa hiyo nina hakika kubwa kuhusu sehemu ya kwanza ya swali, na hakika ndogo sana kuhusu ya pili.

7.0 Istilahi inapochukua upande

Sasa narudi kwenye jopo. "Maada ya giza" ni istilahi iliyokwisha kuamua kesi: inasema kilichokosekana ni maada, yaani kitu. Isitoshe, inasema kitu hicho ni cha giza, ilhali giza huzuia kuona na hiki hupitisha mwanga kama kwamba hakipo. Nilipoanza utafiti nilikusudia kupendekeza istilahi mbadala isiyoegemea upande wowote. Nimeacha. "Atomu" ni neno lililotoka katika Kigiriki likimaanisha kisichogawanyika. Atomu imegawanywa, neno limebaki, na hakuna mwanafunzi anayepotoshwa nalo, kwa sababu fasili imebadilishwa huku jina likiachwa. Hatari haimo katika jina. Imo katika fasili inayotaja ufafanuzi mahali pa kutaja kilichoonekana.

Faharasa ya tasnifu yangu, kwa hiyo, itabakiza jina lililozoeleka, na ingizo lake katika rasimu ya sasa linasomeka hivi: "maada ya giza: jina linalopewa chanzo, ambacho bado hakijatambuliwa, cha uvutano unaozidi ule unaoweza kutolewa na maada inayoonekana katika galaksi na makundi ya galaksi, wengi hukichukulia kuwa chembe ya aina mpya, na wachache huchukulia kuwa kanuni ya uvutano au ya mwendo ndiyo inayohitaji kubadilishwa." Ni fasili ndefu kuliko inavyopendeza katika faharasa. Msimamizi wangu ameniandikia pembeni kwamba niifupishe, nami bado sijaona neno la kuondoa.